Nishani za uongo: Ni lini kujidai shujaa wa vita huwa kosa la jinai?

KATIKA jeshi lolote lile, nishani ni kipande kidogo cha chuma kilichofungwa kwenye utepe wa kitambaa. Thamani yake hutokana na kisa kilichoifanya itolewe: askari aliyerudi penye mvua ya risasi kumwokoa mwenzake, au aliyepoteza mguu akiwa vitani. Ndiposa mtu anayejivisha nishani ambayo hakutunukiwa huonekana kuwa ameiba, hata kama hajatia mkono mfukoni mwa yeyote.

Je, wizi wa aina hiyo wapaswa kumpeleka mtu gerezani? Marekani imelijibu swali hilo mara mbili, katika muda usiotimia miaka saba, na majibu hayo hayafanani. Sheria iliyotiwa saini mwishoni mwa mwaka wa 2006 ilifanya kuwa jinai kutamka tu uongo kwamba umetunukiwa nishani ya kijeshi. Sheria ya mwaka wa 2013, ambayo ndiyo inayotumika, humwadhibu mwongo pale tu anaponuia kujipatia fedha, mali au manufaa mengine kwa uongo huo.

Kati ya sheria hizo mbili kuna uamuzi mmoja wa Mahakama ya Juu ambao umeathiri pakubwa jinsi Marekani inavyoelewa mpaka wa uhuru wa kujieleza. Makala haya yanaeleza sheria hizo zilivyotungwa, sababu za ile ya kwanza kuanguka, na mambo ambayo kiongozi wa mashtaka hulazimika kuthibitisha.

Onyo la Washington

Marufuku ya kuvaa heshima usiyostahili ina umri mkubwa kuliko Katiba ya Marekani yenyewe. Mnamo Agosti 7, 1782, Jenerali George Washington, aliyekuwa kamanda wa jeshi lililopigania uhuru kutoka kwa Uingereza, alianzisha nembo ya kuwatuza askari wa ngazi za chini. Nembo hiyo ilikuwa umbo la moyo lililoshonwa kwa kitambaa cha zambarau. Katika amri iyo hiyo, Washington alionya kwamba yeyote atakayeivaa pasipo kustahili ataadhibiwa vikali.

Nembo hiyo ilisahaulika kwa muda mrefu, kisha ikafufuliwa mwaka wa 1932 kwa jina la Purple Heart. Siku hizi hupewa wanajeshi waliojeruhiwa au kuuawa na adui.

Nishani ya juu kabisa nchini humo ni Medal of Honor, iliyoanzishwa wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Ilianza na jeshi la wanamaji mwaka wa 1861, na mwaka uliofuata ikaenezwa hadi jeshi la nchi kavu. Tangu wakati huo, imetolewa zaidi ya mara 3,500. Anayeipata hulipwa malipo maalum ya kila mwezi, na watoto wake waliotimiza masharti huweza kujiunga na vyuo vya kijeshi bila kuhesabiwa katika mgao wa kawaida wa nafasi. Kwa hivyo, heshima hii huandamana na manufaa yanayoweza kumtia mwongo tamaa.

Mnamo 1923, bunge la Congress lilipitisha sheria ya kuharamisha kuvaa, kutengeneza au kuuza nishani za kijeshi bila idhini. Baadaye sheria hiyo iliwekwa katika kifungu cha 704 cha mkusanyiko wa sheria za jinai za taifa. Iliilinda nishani kama kitu cha kushikika. Mtu aliyejigamba kwa mdomo mtupu, bila kuvaa chochote, hakuwa amevunja sheria hiyo.

Kitabu na utafiti wa mwanafunzi

Mambo yalianza kubadilika mwaka wa 1998, wakati B. G. Burkett, mwanajeshi aliyepigana Vietnam, alipochapisha kitabu Stolen Valor pamoja na mwanahabari Glenna Whitley. Burkett alikuwa ametumia sheria ya uhuru wa kupata habari kuomba rekodi za kijeshi za watu waliojitambulisha hadharani kama mashujaa wa Vietnam. Aligundua kuwa wengi hawakuwahi kufanya waliyoyasimulia, na baadhi hawakuwa wamekanyaga Vietnam kamwe. Jina la kitabu hicho, lenye maana ya ushujaa ulioibwa, likawa ndilo jina la kosa lenyewe vinywani mwa watu.

Miaka michache baadaye, Pam Sterner, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu katika jimbo la Colorado, aliandika utafiti wa darasani ulioonyesha mwanya uliokuwa katika sheria ya zamani. Hoja zake zilimfikia mbunge wa jimbo hilo, John Salazar, aliyewasilisha mswada mwaka wa 2005. Mswada wa aina hiyo ulipitishwa na mabunge yote mawili, na Rais George W. Bush akautia saini mnamo Desemba 20, 2006. Ingawa ilianza kutumika wakati huo, sheria hiyo hujulikana kwa mwaka wa mswada, yaani Sheria ya Ushujaa Ulioibwa ya 2005.

Ilikuwa sheria pana. Yeyote aliyedai kwa uongo, kwa maandishi au kwa kauli, kwamba ametunukiwa nishani iliyoidhinishwa na Congress kwa ajili ya majeshi, aliweza kutozwa faini, kufungwa jela hadi miezi sita, au kupata adhabu zote mbili. Ikiwa nishani iliyotajwa ni Medal of Honor au mojawapo ya nishani nyingine chache za hadhi ya juu, kifungo kiliongezwa hadi mwaka mmoja.

Upande wa mashtaka haukulazimika kuonyesha kwamba mshtakiwa alipata hata senti moja. Wala haukuhitaji kuonyesha kwamba kuna mtu aliyemwamini. Maneno yenyewe yalitosha.

Kikao cha mamlaka ya maji

Sheria hiyo haikukaa mwaka mmoja kabla ya kumnasa mtu ambaye jina lake lingeiangusha. Mnamo Julai 23, 2007, Xavier Alvarez, aliyekuwa amechaguliwa kuwa mwanachama wa bodi ya mamlaka ya maji ya Three Valleys huko Claremont, California, alihudhuria kikao cha pamoja na bodi jirani. Alipoombwa ajitambulishe, alisema kuwa alitumikia kikosi cha Marine kwa miaka 25, kwamba alijeruhiwa mara nyingi, na kwamba alitunukiwa Medal of Honor mwaka wa 1987.

Hakuna lolote kati ya hayo lililokuwa kweli. Alvarez hakuwahi kuwa mwanajeshi. Katika nyakati nyingine alikuwa amedai kwamba alichezea timu ya hoki ya Detroit Red Wings, na kwamba aliwahi kumwoa mwigizaji nyota kutoka Mexico. Madai hayo pia yalikuwa ya uongo, ila hayo sheria haikuyagusa.

Alishtakiwa katika mahakama ya serikali kuu na akakiri kosa, lakini akahifadhi haki ya kukata rufaa kwa misingi ya Katiba. Alihukumiwa kifungo cha nje cha miaka mitatu, faini ya dola 5,000 na saa 416 za kuhudumia jamii. Mwaka wa 2010, Mahakama ya Rufaa ya Eneo la Tisa ilikubaliana naye na kufutilia mbali hukumu hiyo. Mapema mwaka wa 2012, mahakama nyingine ya rufaa, iliyosikiliza kesi kutoka Colorado, iliamua kinyume na kuitetea sheria. Mahakama za rufaa zilikuwa zimegawanyika, na ikabidi Mahakama ya Juu itoe kauli ya mwisho.

Majaji walivyogawanyika

Uamuzi ulitolewa Juni 28, 2012, siku ambayo pia mahakama hiyo iliidhinisha sehemu kuu ya sheria ya bima ya afya ya Rais Barack Obama. Majaji sita dhidi ya watatu walisema kwamba sheria ya 2005 ilikiuka Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa kusema. Hata hivyo, majaji hao sita hawakufuata njia moja ya kufikiri.

Jaji Anthony Kennedy, aliyeungwa mkono na Jaji Mkuu John Roberts pamoja na majaji Ruth Bader Ginsburg na Sonia Sotomayor, alikataa hoja ya serikali kwamba kauli ya uongo haina ulinzi wowote. Alieleza kwamba sheria tayari huadhibu aina kadhaa za uongo: kusema uongo chini ya kiapo, kumdanganya afisa wa serikali katika jambo la kikazi, kujifanya afisa wa serikali, na ulaghai. Katika hali hizo zote kuna madhara yanayoandamana na uongo wenyewe. Sheria ya Ushujaa Ulioibwa ilimfuata mtu popote, hadi kwenye mazungumzo ya faragha nyumbani kwake, bila kujali kama kuna aliyedhurika.

Kennedy aliona hatari katika jambo hilo. Serikali ikiruhusiwa kuadhibu uongo kwa kuwa tu ni uongo, hakuna kinachoizuia kuandaa orodha ndefu ya mada ambazo kukosea ukweli ni jinai. Kuhusu nishani, alisema kwamba serikali haikuonyesha kuwa uongo wa watu kama Alvarez hupunguza heshima ya waliostahili. Alvarez alikuwa amefichuliwa, akadhihakiwa na kutakiwa ajiuzulu hata kabla shirika la FBI halijaanza uchunguzi wake. Wahenga wetu wangesema kuwa njia ya mwongo ni fupi.

Jaji Stephen Breyer, akiungwa mkono na Jaji Elena Kagan, alifikia mwisho uo huo kwa tahadhari zaidi. Kwa maoni yake, Congress ingeweza kutunga sheria ya kulinda nishani, mradi iwe finyu na idai uthibitisho wa madhara mahususi. Alihofia kwamba sheria pana ingewapa viongozi wa mashtaka uwezo wa kuchagua ni mwongo yupi wa kumshtaki kwa sababu za kisiasa, na yupi wa kumwachilia. Kwa kusema hivyo, Breyer aliwachorea wabunge ramani ya sheria iliyofuata.

Kwa upande wa waliopinga, Jaji Samuel Alito aliandika kwa niaba yake na ya majaji Antonin Scalia na Clarence Thomas. Alisisitiza kwamba uongo wa aina hii hauna faida yoyote kwa jamii. Alitoa mfano wa mradi wa Maktaba ya Congress wa kukusanya simulizi za wanajeshi wastaafu: kati ya watu 49 waliojitambulisha kama wapokeaji wa Medal of Honor, 24 hawakuwa wameipata. Mfano mwingine ulihusu orodha ya watu mashuhuri ya Who's Who. Kati ya watu 333 walioorodheshwa humo kuwa na nishani za juu, thuluthi moja ya madai haikuweza kuthibitishwa. Uongo ukienea kiasi hicho, Alito alisema, umma huanza kumshuku hata shujaa wa kweli.

Hoja hiyo ya Alito ndiyo inayogusa wanajeshi wengi. Anayelia kuwa ameibiwa si serikali. Ni mjane aliyeweka nishani ya marehemu mumewe ukutani, na askari ambaye hulazimika kueleza kovu lake mbele ya watu waliokwisha kudanganywa na mtu mwingine.

Sheria ya 2013

Congress haikungoja sana. Mbunge Joe Heck wa Nevada aliwasilisha mswada mpya, Baraza la Wawakilishi likaupitisha kwa kura nyingi mnamo Mei 2013, na Rais Obama akautia saini Juni 3, 2013.

Ili mtu apatikane na hatia chini ya sheria hii, ni lazima mambo matatu yathibitishwe. Kwanza, kwamba mshtakiwa alijitambulisha kwa hila kuwa ametunukiwa nishani. Pili, kwamba nishani hiyo ni miongoni mwa zile zilizotajwa na sheria, zikiwemo Medal of Honor, Purple Heart, Silver Star, misalaba ya juu ya vikosi mbalimbali, na beji wanazopewa walioshiriki mapigano. Tatu, kwamba alinuia kupata fedha, mali au manufaa mengine ya kushikika.

Adhabu ni faini, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au zote mbili. Kwa kosa la ngazi hiyo, faini yaweza kufika dola 100,000.

Sharti hilo la tatu ndilo linalotofautisha sheria hizi mbili. Mtu anayejigamba baa ili asifiwe na walevi wenzake hana kesi ya kujibu chini yake. Akitumia kisa kicho hicho kuomba michango, kupata kazi iliyotengewa wanajeshi wastaafu au kulipwa marupurupu ya ulemavu, amevuka mpaka.

Aidha, sheria ya 2013 iliondoa neno la kuvaa katika orodha ya makosa, huku ikiacha marufuku ya kutengeneza na kuuza nishani bila idhini. Mnamo 2016, Mahakama ya Rufaa ya Eneo la Tisa ilisema kwamba hata marufuku ya zamani ya kuvaa ilikiuka Katiba. Kesi hiyo ilimhusu mwanamume wa Idaho aliyevaa Purple Heart asiyostahili alipokuwa akitoa ushahidi kizimbani. Kwa mujibu wa majaji, kuvaa nishani ni njia ya kusema jambo bila kutamka neno.

Sare na ulaghai mwingine

Sheria ya nishani si silaha ya pekee. Kuvaa sare ya jeshi la Marekani bila idhini ni kosa linalojitegemea, ambalo adhabu yake hufika miezi sita gerezani. Waigizaji wameruhusiwa na sheria kuvaa sare jukwaani. Awali ruhusa hiyo iliwekewa sharti kwamba mchezo usilikashifu jeshi, lakini mnamo 1970 Mahakama ya Juu ililifuta sharti hilo katika kesi ya kijana aliyekuwa ameigiza mchezo wa barabarani wa kupinga vita vya Vietnam mjini Houston.

Kughushi hati ya kuachishwa jeshi pia ni kosa. Majimbo kadhaa, kama vile Texas, yana sheria zake dhidi ya wanaotumia rekodi bandia za kijeshi kujinufaisha. Na pale fedha nyingi zinapohusika, viongozi wa mashtaka hugeukia sheria za ulaghai ambazo adhabu zake ni kali zaidi.

Mfano mzuri ni wa mwanamke wa jimbo la Rhode Island aliyehukumiwa mwezi Machi 2023. Alikuwa amejifanya mwanajeshi wa kikosi cha Marine aliyejeruhiwa kwa bomu na mwenye saratani, akidai kutunukiwa Purple Heart na Bronze Star. Alipanda hadi kuongoza tawi la chama cha wanajeshi waliopigana ng'ambo. Ukweli ni kwamba hakuwahi kujiunga na jeshi. Alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii katika hospitali ya wanajeshi wastaafu, na alitumia rekodi za wagonjwa wa kweli kughushi zake. Alijipatia zaidi ya dola 250,000 katika misaada na michango.

Mahakama ilimhukumu kifungo cha miezi 70. Shtaka la nishani peke yake lisingeweza kumfunga zaidi ya mwaka mmoja. Mashtaka ya ulaghai na wizi wa utambulisho ndiyo yaliyofanya kifungo hicho kirefu kiwezekane.

Ugumu wa kuthibitisha

Majaji walioangusha sheria ya 2005 walipendekeza dawa nyepesi: serikali iweke orodha ya wazi ya waliotunukiwa, ili mwananchi yeyote aweze kukagua madai ya jirani yake. Mwezi uliofuata uamuzi huo, Wizara ya Ulinzi ilifungua tovuti yenye majina ya waliopata Medal of Honor tangu mashambulizi ya Septemba 11, 2001, kisha ikaongeza nishani nyingine za juu.

Lakini orodha hiyo haiwezi kurudi nyuma bila kikomo. Mnamo Julai 12, 1973, moto uliteketeza sehemu ya hifadhi ya rekodi za wanajeshi karibu na mji wa St. Louis, Missouri, na kuharibu faili kati ya milioni 16 na milioni 18. Nyingi zilikuwa za wanajeshi wa nchi kavu walioacha kazi kati ya 1912 na 1959. Kwa hivyo, kukosekana kwa jina la mzee wa vita vya Korea katika kumbukumbu si ushahidi kwamba anasema uongo. Wanaojitwika jukumu la kuwafichua waongo hadharani huweza kumwaibisha mtu asiye na hatia.

Mataifa mengine

Nchi nyingine zimechora mpaka wake mahali tofauti. Nchini Canada, kifungu cha 419 cha sheria ya jinai huharamisha kuvaa sare au nishani za kijeshi bila haki. Australia ina marufuku yake katika Sheria ya Ulinzi ya 1903, inayogusa nishani pamoja na kujidai mwanajeshi aliyerejea kutoka vitani.

Uingereza nayo imeenda upande wa pili. Sheria yake ya Jeshi ya 1955 iliharamisha kuvaa nishani bila idhini, lakini ilikoma kutumika mwaka wa 2009 baada ya sheria mpya ya majeshi kuchukua nafasi yake, na marufuku hiyo haikuhamishwa. Mbunge Gareth Johnson alijaribu kuirejesha kwa mswada wa 2016, nao ukafia njiani bunge lilipovunjwa kwa uchaguzi wa 2017. Ulaghai kwa kutumia nishani ungali kosa nchini humo, na kuvaa sare bila idhini bado kunaharamishwa na sheria ya 1894.

Hapa Kenya, Kanuni ya Adhabu humzuia raia kuvaa sare za majeshi bila idhini. Lengo kuu la sheria za aina hiyo ni usalama, kwa kuwa mhalifu aliyevaa sare huweza kufunguliwa mlango ambao angefungiwa akiwa na nguo zake za kawaida.

Katika mifumo hii yote, swali huwa lile lile: nani amedhurika, na kwa kiasi gani? Marekani imeamua kwamba kifungo kinamngoja aliyeigeuza nishani ya uongo kuwa chombo cha kuchuma. Yule anayetafuta sifa tu ameachiwa hukumu ya majirani zake. Wapo wanajeshi wastaafu wanaoona hilo kuwa dogo mno kwa waliyopitia, na tangu 2012 malalamiko yao hayajapata jibu mahakamani.